Nywele za Ukutani

Jua lilikuwa linazama Msusi alipofunga mdomo wa kiroba na kukitwika kichwani. Kiroba kilikuwa kikubwa kama mtoto wa shule, lakini hakikuwa na uzito. Hilo ndilo lililomkera tangu mwanzo. Ndani mlikuwa na nywele tupu, nywele za karibu mji mzima, na zilinuka vitu vyote ambavyo vichwa vya watu hunuka: mafuta yaliyochacha, jasho, dawa ya kulainisha, moshi wa jikoni na usingizi.

"Dada, nikusindikize?" mdogo wake akauliza.

"Baki ufagie. Akija mteja, mwambie nimefunga."

"Nimwambie umefunga na mlango uko wazi?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Ataniona mwongo."

"Basi atakuwa amekujua."

Msichana akacheka, akashika ufagio, akaanza kuimba. Majirani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, na usiku aliongea ndotoni. Mama yao alipofariki aliacha vitu viwili tu, saluni na Chiriku, na vyote viwili vilimwangukia Msusi kabla hajawa mtu mzima wa kutosha kuvibeba. Saluni ilimlisha. Chiriku alimfanya atake kula.

Akashika njia kuelekea Kizuizini.

Jengo hilo lilikuwa ghala zamani. Ilipokuja vita, wenye bunduki walitoa magunia wakaingiza watu. Watu hao hawakusomewa shtaka lolote. Waliingizwa, wakanyolewa vichwa, wakafungiwa. Vita ilipokwisha mlango ulifunguliwa, kisha jengo likaachiwa popo. Mji ulijenga shule upande huu na soko upande ule, na katikati jengo likabaki kama jino bovu ambalo mwenyewe hataki kuligusa kwa ulimi.

Sasa watu wa makumbusho walikubali kutoa mbao na mabati, kwa sharti moja: kazi ifanywe na wananchi wenyewe kwa mikono yao. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya kengele, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Mama Kamati.

Shida ilianzia kwenye kuta. Fundi chokaa, mzee ambaye alikuwa amebaki peke yake katika kazi hiyo, alieleza kwamba plasta ya chokaa isipochanganywa na nywele hupasuka ikikauka. Akataka manyoya ya mbuzi. Wachinjaji wakasema ngozi wanaziuza na manyoya yake, hawana ngozi ya kunyoa bure. Ndipo Mama Kamati aliposimama.

"Kwani sisi wenyewe hatuna nywele?"

Watu wakacheka. Kisha wakapiga makofi.

Hapo ndipo walipokosea, na walikosea wakiwa wanachekelea. Maana hao ndio wateja ambao miaka yote hawakuwahi kuacha hata unywele mmoja saluni. Ukimaliza kumsuka mtu, anainama chini ya kiti, anaokota nywele zake moja moja, anazifunga kwenye karatasi na kwenda kuzichoma kwake. Haachi kitu cha mwili wake mikononi mwa mtu asiyemjua moyo. Lakini Mama Kamati alisema, "Ukuta si mchawi. Ukuta ni wetu sote." Basi wakaja wamejipanga foleni.

"Kata tu," alisema Dereva wa lori, na kichwa chake kiling'aa kama sufuria. "Hata hizi tatu zilizobaki ziingie kwenye historia."

"Mimi nipunguzie, usinimalize," alisema mke wa mwenye duka. "Mume wangu amebakiwa na hizi tu za kuringia."

Msusi alikata. Alikata watu wazima na watoto, akakinyoa hata kichanga nywele kilizozaliwa nazo. Alizitenga na nywele za bandia, maana Fundi alikataa plastiki kwenye chokaa. Mwisho kabisa Chiriku akakaa kwenye kiti.

"Na mimi niwemo ukutani."

"Wewe nywele zako nimezihangaikia mwaka mzima."

"Msuko mmoja tu, dada. Huu wa nyuma ya sikio. Nikiwa mzee niwaambie wajukuu, mnaona pale, pale nipo."

Msusi akaukata msuko huo, akaufunga uzi, akamwachia autie mwenyewe siku ya kazi.

*

Alipofika Kizuizini wenzake wa kujitolea walikuwa wameshaondoka. Mlangoni kulikuwa na shimo la chokaa lililotoa mvuke na harufu ya mayai yaliyooza. Ndani, Fundi alikuwa anabandua plasta ya zamani kwenye chumba cha kwanza. Alipiga nyundo, plasta ikaanguka vipande vipande kama magamba ya kidonda.

"Nimeleta, Baba."

"Weka hapo. Mbali na mimi."

Msusi akashusha kiroba. Kipande cha plasta kilikuwa kimening'inia ukutani, hakitaki kuanguka, kimeshikwa na kitu. Akakivuta. Kikaja na nyuzi nyeusi, fupi, nyingi. Akazisugua kwa vidole kama alivyozoea.

Hazikuwa za mbuzi.

Zilikuwa laini, zimejikunja, zimekatwa kwa wembe. Na kwenye kila uzi, karibu na ncha, palikuwa na punje nyeupe ndogo zilizong'ang'ania.

Mayai ya chawa.

Akazitupa. Akajifuta mkono kwenye nguo, akajifuta tena. Kichwa chake chote kikaanza kuwasha.

"Fundi... hizi ni nywele za mtu."

Mzee hakugeuka. Alikuwa amevaa kofia iliyobana hadi kwenye masikio, na ndiye pekee ambaye hakuwahi kukanyaga saluni.

"Ni za zamani," akasema.

"Mtu wa zamani si mtu?"

"Nenda nyumbani, mwanangu. Giza linaingia."

Ndipo aliposikia. Sauti ilitoka chumba cha mwisho, kule ambako mwanga haukufika. Taratibu... ya majimaji... Kama ng'ombe anayecheua.

"Kuna nani kule?"

"Hakuna mtu."

Sauti ikakoma. Kisha ikaanza tena.

*

Kazi ilianza kwa shangwe. Plasta mpya ilikorogwa chini, mchanga na chokaa na nywele, watu wakavaa mabuti na kuikanyaga kama watoto kwenye matope. Walioishiwa mabuti walifunga mifuko ya nailoni miguuni. Nywele zilijisokota vifundoni, zikapanda hadi magotini, na mtu akizivuta zilirefuka badala ya kukatika. Wengine walicheka. Msusi alitazama kando. Alikuwa ameshika nywele maisha yake yote, lakini nywele zilizo kichwani ni mtu, na nywele zilizo kwenye uji wa chokaa ni kitu kingine. Zilifanana na kinachotolewa kwenye bomba la bafu lililoziba.

Chiriku aliutupa msuko wake mwenyewe. Fundi aliuchota kwa mwiko pamoja na plasta, akaubandika chumba cha mwisho, akausawazisha. Ukazama. Ukatokeza kidogo. Ukazama tena.

"Kwaheri," Chiriku akauambia, akapunga mkono.

Usiku uleule alianza kukohoa.

Asubuhi aliketi kitandani, kidole mdomoni, anavuta kitu. Msusi akamshika kidevu, akamfungua kinywa. Unywele ulikuwa umelala juu ya ulimi. Akaushika kwa kucha, akauvuta. Ukaja... ukaja... ukazidi kuja, umelowa mate, una chengachenga za chokaa, na Chiriku akawa anatoa sauti ya mtu anayetapika bila kutapika. Ulipokatika, ulikuwa mrefu kuliko mkono wake.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu." Sauti ilikuwa imekauka. "Dada, unywele umekatikia kooni."

Nesi wa zahanati alimulika kooni kwa tochi, akasema haoni kitu, ampe maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Msusi akampa. Kesho yake Chiriku alikuwa akinong'ona. Keshokutwa alifungua mdomo asubuhi kumsalimia dada yake, na mdomo ukafunguka tu.

Nyumba iliyojaa kelele miaka yote ikawa kimya. Msusi alijikuta anaangusha vijiko makusudi.

Nywele nazo zikawa kila mahali. Kwenye chai. Ndani ya mkate, ukiumega zinaning'inia kati ya vipande viwili. Chini ya utando wa maziwa. Akila, meno yalisaga kitu, akatema, akakuta kifundo kidogo cheusi. Ikafika mahali chakula chochote akikisogeza mdomoni anakirudisha sahanini. Wateja walimwambia hata kwao ni hivyo, kisha wakabadilisha mazungumzo, kama watu wanaoficha ugonjwa wa aibu.

Na cha ajabu, kule Kizuizini watu waliongezeka.

Walikuja bila kuitwa. Walikuja kabla ya jua, na jioni hawakuondoka. Dereva aliacha lori barabarani, injini inaunguruma, mlango wazi, akaingia ndani akasimama. Mke wa mwenye duka aliacha wateja kaunta. Kazi ya plasta ilikuwa imekwisha, hapakuwa na cha kufanya, lakini walisimama vyumbani wametazama kuta mbichi. Baadhi waliegemeza paji la uso. Wengine walikuwa wanalamba.

"Sijawahi kuona mwitikio wa namna hii," Mama Kamati alimwambia Msusi langoni. Alitabasamu. Kwenye pembe za midomo yake palikuwa na utando mweupe, na ulimi wake ulipotoka kuulamba, ulikuwa umebabuka. "Wiki ijayo ukuta utakuwa umekauka kabisa. Tutapaka rangi, tutazindua. Chiriku atatuimbia."

"Chiriku hana sauti, Mama."

"Ataipata hapa," alisema Mama Kamati, akageuka, akarudi ndani bila kuaga.

*

Jioni ile Msusi alikuwa anamsuuza mteja kichwa. Alipoinua macho, ufagio ulikuwa sakafuni na mlango wa nyuma umefunguka.

"Chiriku?"

Alisahau kwamba hawezi kujibiwa. Akamwacha mteja na povu kichwani, akakimbia.

Nje ya lango la Kizuizini alimkuta Fundi amekaa juu ya mfuko wake wa vifaa. Kofia ilikuwa mkononi. Kichwa kilikuwa kimenyolewa hadi kung'aa.

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

"Mdogo wangu yuko ndani?"

"Yuko chumba cha mwisho. Mwanangu, kaa kidogo nikuambie, usiingie kama kipofu."

"Sema nikiwa nimesimama."

Fundi akatazama viganja vyake vilivyopasuka kwa chokaa. "Baba yangu ndiye aliyelazimishwa kupiga plasta hii wakati wa vita. Walimpa nywele za mahabusu, wakamwambia changanya. Hakuna mbuzi, watu wapo. Vita ilipokwisha mlango ukafunguliwa, watu wakaenda makwao. Wakarudi. Hakuna aliyewarudisha. Walikuja kwa miguu yao, kila mmoja chumba chake, uso ukutani. Wake zao waliwavuta, wapi. Ukuta ulikuwa umewashika."

"Na ulijua? Ukatuacha tukatie nywele zetu humu?"

"Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka akili. Nilikataa kwa mdomo mdogo. Mama Kamati alipopigiwa makofi nikanyamaza." Akaikunja kofia. "Nikanyoa zangu, nikazichoma, nikanyamaza."

Msusi alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. "Walitokaje?"

"Kinyozi akaitwa. Yule aliyewanyoa. Aliingia, na baada ya hapo wakaanza kutoka, mmoja leo, mwingine kesho. Yeye hakutoka."

"Alifanya nini humo?"

"Baba alisema alikuwa anakula. Nikamuuliza anakula nini, akanipiga kofi."

Msusi akaingia.

Ndani palikuwa na unyevu wa moto, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Watu walikuwa wamesimama vyumbani, safu kwa safu, wamempa mgongo. Sauti pekee ilikuwa ya ndimi juu ya chokaa, kavu, kama paka wengi wanaojisafisha gizani. Ukuta nao ulikuwa umeota. Nywele zilikuwa zimechomoza kila mahali, nyeusi, za mvi, zilizopakwa hina, zimelala upande mmoja kana kwamba mtu amezichana.

Akapita katikati yao. Bega lake likagusa ukuta. Nywele zikamgeukia.

Chumba cha mwisho.

Chiriku alikuwa amesimama pembeni, shavu limeganda ukutani. Nywele zilikuwa zimetoka kwenye plasta zikaingia mdomoni mwake, shungi nene kama kamba, na koo lilikuwa linacheza. Macho yalikuwa wazi. Yalimwona dada yake. Hayakuweza kufanya kitu kingine.

"Usimvute," sauti ikanong'ona. "Ukivuta, utatoa na vilivyomo."

Mtu alikuwa amechuchumaa pembe ya pili, nyuma ya mbao, mahali Fundi alipokataza watu wasifike, palipokuwa bado na plasta ya zamani. Alikuwa na shati lisilo na vifungo, na tumbo lilikuwa limetangulia mbele, gumu, lenye kona kona kama gunia lililojazwa vibaya. Midomo yake ilikuwa imeliwa na chokaa hadi meno yakabaki nje. Kati ya meno palikuwa na nywele. Mkono mmoja ulikwangua ukuta, mwingine ulipeleka mdomoni.

Akatafuna. Akameza kwa shida. Harufu iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya shimo la maji machafu.

"Wewe ndiye uliyekata?" akauliza.

"Ndiyo."

"Unakata vizuri. Nimeziona. Ncha hazikuchanika." Alinong'ona kama fundi anavyomsifu fundi mwenzake. "Pole."

"Nimtoeje?"

"Aliyekata ndiye anayerudisha."

"Nirudishe wapi?"

Mtu yule akafungua kinywa, akaonyesha kwa kidole.

Msusi akatikisa kichwa. "Nitauchomoa msuko wake, nitauchoma moto."

"Nilichoma. Nikazika. Nikatupa mtoni. Asubuhi zilikuwa ukutani." Akakwangua tena. "Ukuta ukikauka utakuwa mgumu kama huu wangu. Sasa bado ni uji. Fanya upesi."

Hakuwa na kisu. Alikuwa na chanuo la mkia mfukoni, lile la kugawia mistari. Akachomeka mkia wa chanuo kwenye plasta mbichi juu ya shavu la Chiriku, akachimba. Plasta ilifumuka kama nyama iliyopikwa nusu. Chokaa ikaingia chini ya kucha, ikaunguza. Nywele za watu wengine zikajisokota kwenye vidole vyake, zikamng'ang'ania, akazisukuma pembeni, akachimba, akachimba. Akafikia uzi.

Msuko ukatoka. Ulikuwa umenenepa. Ulikuwa na joto.

Kwenye kona ile palikuwa na ndoo ya maji ya mafundi. Akautumbukiza, akausuuza, akaukamua, akausuuza tena kama anavyosuuza kichwa cha mtoto. Chokaa ikatoka, ule utelezi haukutoka. Kisha akauweka mdomoni.

Tumbo likamkataa papo hapo. Akautoa, akainama, akatapika chai aliyokunywa asubuhi. Akafuta midomo. Akaurudisha.

Hakuutafuna. Aliusukuma kwa kidole, nyuma, nyuma zaidi, na koo likajifunga na kujifungua kama mdomo wa samaki. Ulikuwa unajongea wenyewe. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka. Aliwaza mafuta aliyompaka Chiriku kila Jumamosi, aliwaza kitana, aliwaza kichwa kile kidogo kati ya magoti yake kikimwambia dada polepole, na kila alichowaza kikamtia kinyaa zaidi, maana vyote sasa vilikuwa vinapita kooni mwake. Uzi ukapita mwisho. Akahisi fundo lake likikwaruza njia nzima hadi chini.

Shungi lililokuwa mdomoni mwa Chiriku likalegea, likateleza nje, likarudi ukutani kama minyoo inayokimbia mwanga. Shavu likabanduka. Ngozi ilikuwa nyekundu, imeiva. Chiriku akaanguka mikononi mwake.

"Dada," akasema kwa sauti ya mkwaruzo, lakini sauti. "Dada, unanuka."

Msusi akacheka, akalia, akambeba mgongoni. Alipogeuka kumtazama mtu yule, alikuwa ameshauelekeza uso ukutani, anakwangua, anatafuna, hana muda naye.

Walipopita vyumbani watu walikuwa bado wamesimama. Lakini sasa hawakuwa wamewapa mgongo.

Walikuwa wanamtazama mdomo.

*

Fundi hakuwapo langoni. Msusi hakumtafuta. Alifunga mlango wa saluni kwa komeo, akasukuma kiti cha wateja kikaziba, akamlaza Chiriku, akampaka mafuta shavuni. Hakulala. Alikaa ameshika tumbo. Kitu kilikuwa humo, hakijatulia, kinajizungusha taratibu kama mbwa anayetafuta namna ya kulala. Kila alipopiga mwayo alisikia ladha ya chokaa.

Chiriku yeye aliongea. Aliongea hadi alfajiri, kana kwamba anadai siku zake zote. Alisema alivyosikia ukutani watu wengi wakinong'ona kwa pamoja, majina ya watoto wao, majina ya mitaa ambayo haipo tena. Alisema ana njaa. Alisema anataka mkate, na akipewa atautazama kwanza. Msusi aliisikiliza kila silabi, na kama angeulizwa saa ile angesema amelipwa vizuri.

Mwanga ulipoanza kupenya chini ya mlango, Chiriku alinyamaza katikati ya neno.

"Endelea," Msusi akasema. "Mbona umekatisha?"

"Dada, kuna watu nje."

Msusi akasogeza kiti, akatazama kwenye upenyo wa ubao.

Barabara ilikuwa imejaa. Walisimama foleni, kimya, wenye adabu, foleni ileile waliyoipanga walipokuja kunyolewa. Kucha zao zilikuwa zimevunjika zinavuja damu. Kila mmoja alikuwa ameshika donge la plasta mbichi, na kwenye kila donge nywele zilikuwa zinatikisika, ingawa upepo haukuwapo. Mbele kabisa alisimama Mama Kamati. Lake alikuwa ameliweka kwenye sahani na kulifunika kitambaa safi, kama mtu anayempelekea jirani chakula.

"Mwanangu," akanong'ona kupitia upenyo, na utando mweupe ukapasuka midomoni mwake. "Zangu si nyingi."

Msusi akarudi nyuma. Chanuo likamponyoka. Alitaka kusema hapana, na alikuwa na haki ya kusema hapana. Angeweza kumchukua mdogo wake kwa mlango wa nyuma, wakaondoka, wakaenda mahali ambako hajawahi kushika kichwa cha mtu. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kugeuka.

"Usifungue, dada," Chiriku akasema. "Nakuomba. Tuwaache."

Nyuma ya Mama Kamati alisimama mwanamke na kichanga begani. Kichanga kilikuwa kimefungua mdomo wote, uso umeiva kwa kulia, mishipa ya shingo imesimama.

Hakikutoa sauti yoyote.

Msusi akaokota chanuo lake. Kisha akamimina maji kwenye beseni la kuoshea vichwa, akakunja mikono ya nguo yake, akaondoa komeo.

"Lete ya mtoto kwanza," akasema.